Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Aliyenikosa wiki iliyopita namjulisha kwa ufupi. Naitwa Zhor, wa Meknes, nina shahada ya fasihi na kazi ya muda katika jumuiya ya malhuni, ushairi wetu wa kuimbwa, ya Haji Tahar. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa mafundi wazee wa mji wetu, wale wanaotunga wakiwa wameinamia kazi zao, na kunasa kasida ambazo hazijawahi kuimbwa mbele ya watu.

Miezi mizima nilirudi na vipande tu. Mmoja alinipa mwanzo usio na mwisho, mwingine kibwagizo bila wimbo. Mpaka nilipoketi kwenye kigoda cha Ba Jelloul, fundi wa makubadhi, naye baada ya kunikatalia mara nyingi akaweka sindano chini, akafumba macho, akaniimbia kasida nzima ya marehemu mkewe, Ghita.

Hakuwa amemwimbia mtu tangu mwalimu wake, Fundi Bouazza, amwambie, "Usiitoe mpaka nikusomee Fatiha." Fundi Bouazza akafa bila kuisoma. Ba Jelloul akabaki anangoja ruhusa ya maiti.

Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia dunia inahitaji kumsikia Ghita. Nilisema hivyo hivyo, "dunia", na sikuona haya.

Mliniacha nikipanda ngazi za ofisi ya Haji Tahar, sauti ya mzee ikiwa ndani ya simu yangu, nimejaa furaha ya kijinga.

Haji Tahar alikuwa anakula. Sijawahi kumkuta bila kitu mdomoni. Mbele yake palikuwa na sahani ya sambusa za lozi zilizozama katika asali, na asali hiyo ilikuwa kwenye kidevu, kwenye pete, na kwenye mkono wa kiti.

"Karibu, Lalla Zhor. Umeniletea nini leo, kikohozi cha mzee mwingine?"

"Kasida nzima, Haji."

"Nzima yenye kichwa na miguu?"

"Yenye kichwa, miguu, na jina la mwenyewe."

Hapo akaacha kutafuna. Kwetu mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho, na waliokaa husogea mbele kulisikia jina. Kasida isiyo na jina hukaa kama nyumba isiyo na mlango.

Akanyoosha mkono wenye asali, akaichukua simu yangu, akaibana sikioni.

Alisikiliza mpaka mwisho. Katikati alianza kulia, na alilia kweli, machozi yakishuka na kuchanganyika na asali ya kidevuni. Lazima niseme ukweli: dakika zile nilimpenda. Nilijiambia kwamba mtu anayelia hivi kwa ajili ya mke wa mshona makubadhi hawezi kuwa mbaya.

"Unajua hii ni ya nani?" akaniuliza, akijifuta kwa kitambaa cha meza.

"Ya Ba Jelloul."

"Hii ni ya Sheikh Maati."

Nilidhani amepotea kwa hisia. Sheikh Maati alikufa enzi za masultani. Meknes nzima inaapa kwa kaburi lake, na kila alichotunga kinajulikana na kuimbwa mpaka na watoto.

"Haji, mwishoni anajitaja. 'Aliyeshona haya ni Jelloul.' Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, masikio ninayo. Sasa nisikilize wewe. Nikisimama niseme, jamani, nawaletea kasida ya Jelloul mshona makubadhi, nani ataacha supu yake? Nikisema nawaletea kasida ya Sheikh Maati, iliyofichwa vifuani mwa mafundi, haijasikika tangu enzi za masultani, watakuja na kamera za televisheni."

"Lakini si yake."

"Amekufa. Hatabisha."

"Ba Jelloul hajafa."

"Naye hatabisha," akasema, akalamba kidole gumba. "Mimi kinachonisumbua ni basi."

Katika ubeti wa tatu Ba Jelloul anampeleka Ghita hospitali. Wamekaa kwenye basi la Rabat asubuhi ya baridi, mke ameegemeza kichwa dirishani. Anasema:

Basi la Rabat lilimbeba, kioo kikanywa pumzi yake,
akachora kubadhi kwa kidole, akaniambia, nishonee hili.

Ghita hakurudi kutoka Rabat. Kubadhi lile Ba Jelloul hakulishona, na kasida yote ni yeye akilishona kwa maneno.

"Enzi za Sheikh Maati hapakuwa na basi," alisema Haji Tahar. "Tafuta neno. Wewe ndiye mwenye shahada. Mizani isivunjike."

"Siwezi."

"Nyumbu," akajijibu, akigonga silabi mezani kwa vidole. "Nyumbu wa Sultani alimbeba. Unaona inavyokaa?"

"Na kioo?"

"Kioo cha nini?"

"Kioo kikanywa pumzi yake. Nyumbu hana dirisha, Haji."

Akacheka. Alicheka mpaka vipande vya lozi vikaruka, kimoja kikatua kwenye mkono wa nguo yangu, kimelowa.

"Nyumbu hana dirisha. Si nilisema unaijua kazi? Haya, iwe pazia. Amebebwa kwenye machela yenye pazia."

"Akachora kubadhi kwenye pazia?"

"Akadarizi," alisema Haji Tahar, na macho yake bado yalikuwa mekundu kwa kumlilia Ghita.

Nilishuka ngazi. Pale chini penye bomba la maji nilijaribu kuiosha simu, na kadiri nilivyosugua ndivyo asali ilivyosambaa. Nikatapika pembeni, mbele ya mwanamke aliyekuwa anachota maji.

"Hongera," akaniambia. Alidhani nina mimba.

Nilipaswa kwenda moja kwa moja kwa Ba Jelloul. Sikwenda. Ningemwambia nini? Kwamba nilimfungua mdomo uliofungwa kwa heshima ya mwalimu, nikauweka mbele ya sahani ya asali? Nilijifungia chumbani, nikamwambia mama nina homa, na ofisini nikatuma neno hilo hilo. Nilikuwa natunga barua ya kuacha kazi, kila mstari nikiuona mdogo mno kwa kinyaa nilichokuwa nacho.

Siku ya tatu mama akapiga vigelegele jikoni.

Nilikimbia nikidhani ameungua. Alikuwa amesimama, unga mpaka viwikoni, simu ameibana kwa bega.

"Haji Tahar mwenyewe," alisema. "Amepiga yeye, si karani. Kazi ya kudumu, Zhor. Mkuu wa hifadhi. Na bima, mpaka mimi nimo. Nimeshamwambia mama Hafid, na nimepanda juu kumwambia yule anayetutambia binti yake wa Kanada."

"Mama, mimi naacha kazi hiyo."

Akaweka simu chini.

"Rudia."

"Naacha kazi."

"Rudia polepole, nione kama ni homa inayosema."

"Ni mimi ninayesema."

"Amekugusa?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Ameiba, mama. Anaiba kasida ya mtu."

Mama akakaa. Hukaa taratibu, anashika meza kwanza, kwa sababu magoti yake yameharibika kwa kupiga deki ngazi za watu kule Hamria. Akainua mkono wenye unga, akanielekezea.

"Nimesugua ngazi ili usome mashairi. Watu walinicheka, wakaniuliza, mashairi yanaliwa na nini? Sikuwajibu. Leo nimepata jibu la kuwapa, wewe unaniambia ameiba kasida. Amekuibia wewe?"

"Ba Jelloul."

"Na Ba Jelloul amesemaje?"

"Sijamuuliza."

"Nenda ukamuulize mwenye mali," alisema mama, akirudi kwenye unga wake. "Ukirudi utakuta chapati. Uache kazi ukiwa umeshiba."

Soko la makubadhi lilikuwa na harufu yake ya gundi na ngozi mbichi. Ba Jelloul alikuwa ameketi juu ya jamvi lake, uzi mdomoni, kubadhi la njano limebanwa kati ya magoti. Hakuinua kichwa.

"Mgonjwa wetu amepona," alisema.

"Nani amekuambia naumwa?"

"Haji Tahar. Alikuja jana, akaketi hapo hapo unapoketi. Kigoda kililia."

"Amekuambia anachotaka kufanya?"

"Ameniambia."

"Ukamfukuza."

"Nikamwagizia chai."

Nilimtazama nikitafuta mzaha usoni pake. Haukuwapo. Alikuwa anavuta uzi na kuukaza, kama kila siku.

"Ba, anataka kulifuta jina lako."

"Jelloul ni jina gani? Sokoni humu tuko akina Jelloul wanne, na mmoja ni punda wa Si Larbi."

"Usinifanyie mzaha. Kwa nini umemwachia?"

Akatoa uzi mdomoni.

"Wewe uliniambia mkataba wako unaisha baada ya Ramadhani. Uliniambia kuhusu magoti ya mama yako. Ulisema ukikosa kazi utavuka kwenda Uhispania kuchuma stroberi na shahada yako mfukoni. Ulicheka uliposema, lakini sikukuona ukicheka. Nikamwambia Haji, chukua jina, mpe binti kazi. Akaniuliza, hivyo tu? Nikasema, hivyo tu. Maskini alishangaa. Alikuja amejiandaa tubishane mpaka magharibi."

Kile kinyaa nilichokuwa nimekibeba siku zote hizo, nilichokuwa nimempakia Haji Tahar na vidole vyake, kikageuka kikanitazama mimi. Bima ya mama, cheo cha mkuu wa hifadhi, vigelegele jikoni, vyote vilikuwa vimenunuliwa na mzee huyu kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Na mimi ndiye niliyempeleka mnunuzi.

Nikalia. Nililia vibaya, kwa sauti.

"Usililie kwenye ngozi," alisema Ba Jelloul. "Inaacha doa."

"Sitaki kazi hiyo."

"Usiyaseme hayo karibu na magoti ya mama yako." Akanisukumia glasi ya chai ya nanaa iliyokuwa yake. "Mimi na Ghita hatukupata mtoto. Yeye alitaka binti. Usinilazimishe kujieleza zaidi ya hapo, mimi ni mtu mzima."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa.

"Isitoshe," akaendelea, "jina ni langu, nimelitoa. Maneno ni ya Ghita, nayo yatasikika. Si ndivyo ulivyonihubiria? Dunia inahitaji kumsikia. Sasa dunia itamsikia, tena kwa vipaza sauti."

"Itasikia nini, Ba? Hakukuambia kuhusu basi?"

"Basi gani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Haji Tahar alikunywa chai ya mzee mpaka ikaisha bila kumwambia.

"Basi la Rabat," nikasema. "Halimo tena."

"Limekwenda wapi?"

"Ni nyumbu. Nyumbu wa Sultani."

Sindano ikasimama.

"Na kioo?"

"Pazia."

"Alichora kwenye pazia?"

"Amedarizi."

Fundi wa duka la pili alikuwa anapigapiga nyundo, na Ba Jelloul alionekana kama anaihesabu mizani ya nyundo ile.

"Ghita hakujua kudarizi," alisema mwishowe. "Alijaribu mwaka mmoja. Akajichoma vidole, akakitia kitambaa kwenye jiko. Mama yangu alimsimanga kwa jambo hilo mpaka anakwenda kaburini."

"Najua, Ba."

"Hujui. Kwenye basi alitapika. Halafu akacheka, akasema, Jelloul, umeniharibia joho langu kwa mabasi yako. Halafu ndiyo akachora. Hilo la kutapika sikulitia kwenye kasida kwa sababu ya vina." Akashika kubadhi, akalitazama kama la mtu mwingine. "Nitamwambia abaki na jina, arudishe basi."

"Basi likirudi, nani ataamini ni ya Sheikh Maati?"

Akaelewa. Niliona akielewa, uso ukimshuka taratibu, na nikatamani ningekuwa nimenyamaza.

"Nimempa neno langu," alisema. "Na kuna jingine nimemwahidi. Siku ya nzaha, mafundi tukitoka kwenda mizeituni, nitasimama niseme nimeipokea kwa Fundi Bouazza, naye kwa mwalimu wake, hadi kwa Sheikh Maati."

"Utamsingizia mwalimu wako uongo?"

"Nimesema nitasimama," alisema Ba Jelloul, akarudisha uzi mdomoni.

Nyumbani nilikula chapati za mama. Alinitazama kila tonge likishuka. Sikuacha kazi.

Kila majira ya kuchipua mafundi wa makubadhi hutoka mjini kwenda kwenye mizeituni ya kando ya mto kwa nzaha yao. Hutandika mazulia, huinjika vyungu juu ya makaa, huimba mpaka jua lichoke. Ni siku yao. Hakuna tajiri, hakuna jukwaa.

Mwaka huu Haji Tahar alijialika. Alikuja na vipaza sauti, mpiga picha wa televisheni na bango la kijani lililofungwa kati ya mizeituni miwili: Hazina Iliyopotea ya Sheikh Maati. Alinivisha mwenyewe kadi shingoni, yenye jina langu na cheo kipya, na pumzi yake ya kitunguu na mafuta ya kondoo ikanipiga usoni.

"Unapendeza, Mkuu wa Hifadhi. Jaribu kutabasamu, si maziko."

Mama alikuja pia. Alikaa kwa wanawake, penye sinia za chai, amevaa bangili za kuazima. Alikuwa amenyoosha miguu juu ya zulia, akiwaambia wenzake lolote alilokuwa anawaambia, na wote wakanigeukia kunitazama.

Wafaa, mwimbaji, hakujua kitu. Alikuwa msichana wa rika langu mwenye sauti inayoweza kukufanya usamehe. Fidla zikaanza, tari zikafuata, akaimba beti mbili za kwanza jinsi Ba Jelloul alivyozitunga, na Mungu anisamehe, nilisahau kukasirika. Ba Jelloul aliketi mbele amevaa jalaba jeupe. Midomo yake ilikuwa inakwenda na Wafaa, neno kwa neno, bila sauti.

Ubeti wa tatu ulipofika, midomo ikafunga.

Nyumbu wa Sultani alimbeba, pazia likanywa pumzi yake.

"Allah, Allah," watu wakasema, vichwa vikitikisika.

Mzee aliyekuwa karibu nami alijifuta macho kwa kofia yake. "Hawatungi tena hivi, binti," akaninong'oneza. "Wa siku hizi angetia gari humo."

Haji Tahar, upande wangu wa pili, alikuwa anatafuna paja la kondoo. Alicheka kwa pua, akanibana bega kwa mkono ule ule wa mafuta, nami nikahisi mafuta yakipenya nguo na kufika kwenye ngozi. Sikusogea. Niliangalia bangili za mama na sikusogea. Kama kuna kitu katika hadithi yangu yote hii kinachonitia kichefuchefu hadi leo, ni kwamba niliuacha mkono ule pale.

Kisha ubeti wa mwisho. Mafundi wote wakasogea mbele, kama desturi, kulisikia jina. Wafaa akalitoa vizuri, akalivuta:

Aliyeshona haya ni Maati.

"Mungu amrehemu," wakasema kwa pamoja, wengine wakiwa wanalia. Mpiga picha akazunguka akiwachukua wanaolia. Wafaa akainama, akapigiwa makofi, na mimi nikafikiri imekwisha, Ghita amebebwa na nyumbu na atabaki huko milele.

Ndipo Maalem Hmida, mkuu wa mafundi, akainua mkono. Kwao kasida mpya haihifadhiwi na mtu mpaka aliyeileta aseme ameipokea kutoka kinywa cha nani, na neno hilo liapiwe. Bila hilo inabaki yatima, hakuna atakayeiimba harusini wala kwenye nzaha nyingine, hata ikitoka kwenye televisheni kila siku.

"Imetoka kifua cha nani?" aliuliza.

Haji Tahar alikuwa ameshasimama. Alimwinua Ba Jelloul kwa kiwiko kama anayeinua mtumba, akamtia kipaza sauti mkononi.

"Semeni naye huyu," akatangaza. "Huyu ndiye aliyetutunzia hazina."

Ba Jelloul alikitazama kipaza sauti, halafu watu.

"Mimi ni Jelloul," alisema. "Wengi hapa mmevaa kazi yangu."

"Na kidole changu cha mwisho kinaikumbuka," mmoja akapaza sauti, wakacheka.

"Ulitaka saizi ya ujana wako, Abdesslam." Wakacheka tena. Akangoja watulie. "Nilimwahidi Haji nitasimama. Nimesimama."

"Sema, Ba," alihimiza Haji Tahar, akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Fundi Bouazza alikupa, naye..."

"Fundi Bouazza tumwache alale," alisema Ba Jelloul. "Hii kasida mimi sikuileta. Mimi ilikuwa kinywani mwangu tu, na kinywa kilikuwa kimefungwa. Aliyekuja kuitoa na kuipeleka ofisini ni yule pale, Zhor, mwenye kadi shingoni. Ameisikia kabla yenu. Anajua kila neno lilivyokuwa, na anajua ni ya nani. Muulizeni yeye."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mpiga picha akanigeukia. Mama aliinua mkono wenye bangili, akanipungia, kwa kuwa alidhani ninatukuzwa.

Kipaza sauti kilipitishwa mkono kwa mkono juu ya vyungu na sinia. Haji Tahar alikuwa amesharudi kando yangu kabla hakijanifikia, mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu.

"Sheikh Maati," alinong'ona. "Maneno mawili, mwanangu. Yaseme, ukale."

Kilinifikia kikiwa na joto la mikono ya watu. Nilimtazama Ba Jelloul kule mbele. Sikujali tena kwamba wote wanasikia.

"Ba, unataka niseme nini?"

Nadhani alikuwa anafikiri kwa dhati, kama anavyofikiri kabla ya kukata ngozi.

"Mimi nilishasema yangu kwa Haji," alijibu. "Sasa ni zamu yako."

"Na kiapo?" aliuliza Maalem Hmida. "Nani ataapa?" Alikuwa ameshautoa Msahafu wake mdogo kwenye mkoba wa ngozi na kuubusu.

"Mimi," alisema Ba Jelloul.

Akasogea, akauweka mkono juu ya Msahafu. Ulikuwa mkono mweusi kwa rangi ya kutia kwenye makubadhi, wenye makovu ya sindano.

"Utakalolisema, binti yangu," alisema, "mimi nitaliapia."

Nikakileta kipaza sauti mdomoni.